Kuna Anayeomba Safu Inayofuata

Safu ilikuja kabla karani hajabonyeza kitufe.

Alikuwa ameiuliza seva, kompyuta kuu inayotunza rekodi, swali moja: watoto gani wa mtaa wake wamepitisha tarehe ya chanjo. Kompyuta ya zahanati ilikuwa kuukuu, haikuweza kubeba majibu yote kwa mkupuo. Seva ilimpa safu ya mtoto mmoja, ikanyamaza, ikangoja abonyeze ndipo impe mwingine. Kila safu ikija, alimpigia mama wa mtoto simu.

"Leo mashine imechoka kukusubiri, shoga," muuguzi alimtania.

Karani alicheka, ila pua yake ilinasa harufu ya udongo uliolowa, na nje jua lilikuwa kali. Akapiga simu.

"Mtoto mzima," mama akanong'ona. "Ila ameacha kunyonya ghafla. Anamchekea mtu hapo mlangoni, na mimi simwoni mtu."

Kitufe kikazama chenyewe, taratibu. Safu nyingine: nyumba ya jirani wa mama huyo. Jirani naye alinong'ona yaleyale. Karani akatoa mkono mezani, akaukumbatia kifuani, kwa sababu orodha ilifuata mtaa nyumba kwa nyumba, na iliyofuata ilikuwa yake, na humo mwanawe mchanga alikuwa amelala na bibi yake, na harufu ile ya udongo sasa ilikuwa imemkaa kooni kama mtu anayempumulia mdomoni.

"Fundi! Njoo!"

Fundi wa kompyuta alifika mbio, akaona safu zinakuja zenyewe. "Funga swali! Seva hutoa kinachoombwa tu. Ukilifunga, yaliyobaki hayaji."

"Siombi mimi, kaka. Kuna anayeomba."

Kitufe kilianza kuzama tena. Karani akalifunga swali. Kioo kikawa cheupe. Harufu ikakatika, na muuguzi, aliyekuwa amejibanza ukutani, akashusha pumzi.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Mwanangu, umemtuma mtu? Kuna mgeni hapa mlangoni, nguo zinamchuruzika matope. Anasema alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, hapa kwako ukamkatiza. Sasa hawezi kuingia mpaka mwenye nyumba amwite."

"Mama, usimwite! Usimjibu hata neno!"

Upande wa pili mtoto aliangua kicheko kirefu, kisha akanyamaza katikati.

"Jamani, mwanangu," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nimeshamwambia karibu."