Jumuiya ya Rashidiya na Ndoo ya Rangi

Justus na Fridah walikuwa na chumba Rashidiya, mtaa wa Dubai, si mbali na kituo cha metro. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Kilikuwa na kitanda, kabati, jiko la umeme, na dirisha linalotazama tangi la maji. Anayelala upande wa ukutani akitaka kuamka, ilibidi amruke mwenzake. Lakini kilikuwa chao, na walikipenda.

Asiyejua maisha ya Dubai atashangaa. Chumba hicho kina nini cha kupendwa? Kabla ya kukipata, Justus, ambaye ni mlinzi, alilala katika kambi ya kampuni pamoja na wanaume wenzake. Fridah, anayefanya usafi hotelini, alikodi kitanda katika chumba cha wanawake. Cheti cha ndoa walikuwa nacho, ila mahali pa kukaa kama mume na mke hapakuwa. Walikutana kituoni, wakala mkate wa nyama uitwao shawarma wamesimama, kisha kila mmoja akashika njia yake. Siku Wahid, msimamizi wa nyumba, alipowapa ufunguo, Fridah alilia mbele yake. Wahid alidhani chumba hakikumpendeza.

Kwao Meru, Wakristo wa mtaa mmoja hukutana nyumba kwa nyumba. Husoma Neno, huimba, hunywa chai. Leo kwako, kesho kwangu. Kundi hilo huitwa jumuiya. Justus na Fridah walipopata chumba, waliona nao wamekuwa watu wa kukaribisha wenzao. Waliwaalika Wakenya waliowafahamu kanisani. Wengi wa hao walikaa kambini, na kambini hukaribishi mtu. Kwa hiyo ikawa leo kwa Justus, kesho kwa Justus.

Kila Jumapili mchana chumba kilijaa. Wengine walikaa kitandani, wengine chini, wengine walisimama kwenye kijia cha nje. Ngoma hawakuwa nayo. Justus akaokota ndoo tupu ya rangi, akaigeuza chini juu, akaanza kuipiga. Mkono wa Justus hauna mchezo. Vikombe vilicheza kabatini.

Walikuwa na mgonjwa wa kumwombea. Mwenzao Gibson alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi kazini, akavunjika paja. Alifanyiwa upasuaji, akabaki hospitali.

"Ee Bwana, mwangalie ndugu yetu Gibson kitandani pake!" Justus aliomba kwa sauti kuu.

"Mwangalie!" wote waliitikia, na ndoo ikaitikia pia.

Kwenye simu zao, katika kundi la jumuiya, walimwandikia Gibson kila asubuhi: pole ndugu, tuko pamoja, amina. Amina zilikuwa nyingi hata ukachoka kuzisoma.

Jumapili moja mlango ulifunguliwa katikati ya wimbo. Alikuwa Wahid. Kiswahili chake alikiokota kwa wapangaji, kidogo kidogo.

"Bas! Mimi nasema mara mingi," alisema. "Jirani nasema kelele. Leo khalas, mwisho. Mwezi kwisha, nyinyi toka."

"Lakini sir, tunaomba Mungu tu," Fridah alisema.

"Mungu hapana kiziwi," Wahid alijibu, akaondoka.

Watu walitafuta viatu vyao, wakatoka. Fridah alibaki ameshika kikombe. Alijua maana ya maneno yale. Vyumba vya mume na mke havipatikani ovyo. Justus angerudi kambini, na yeye angerudi kwenye kitanda cha kukodi. Wangerudi kula shawarma wamesimama.

"Ni wale wa upande wa pili wa ukuta," Justus alisema kwa hasira. "Waislamu wa Mombasa. Hawataki kusikia nyimbo zetu."

"Umewauliza?"

"Niwaulize nini? Si wameenda kwa Wahid nyuma ya mgongo wetu?"

Fridah hakubishana. Alimpigia simu Annah.

Annah alikuwa mjumbe wa baraza la parokia, aliyechaguliwa na waumini wanaozungumza Kiswahili. Alikuwa amekaa Dubai miaka mingi, na hotelini kwa Fridah ndiye aliyesimamia wasafishaji. Ni mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alikuja kesho yake baada ya kazi, akavua viatu, akakaa kitandani.

"Tunataka baba paroko aje azungumze na Wahid," Justus alianza. "Baraza litutetee. Tunaonewa kwa ajili ya imani yetu."

"Nionyeshe hiyo ndoo kwanza," Annah alisema.

Justus aliitoa chini ya kitanda. Annah aliigonga kwa kidole. Kisha akaugonga ukuta. Ukuta ulilia kama ndoo.

"Huu ni ukuta mwembamba wa jipsamu," Annah alisema. "Mtu akikohoa hapa, wa kule anasema pole. Na wewe unapiga ndoo."

"Kwetu tunapiga ngoma, hakuna anayelalamika."

"Kwenu kuna shamba la mahindi kati ya nyumba na nyumba. Sikiliza, Justus. Hapa hatuonewi. Tumepewa mahali pa kuabudu, kuna kiwanja kizima cha kanisa, na hakuna anayetuzuia kwenda. Ukitaka kusali na mkeo chumbani, sali. Lakini kukusanya watu na kuendesha ibada kwenye nyumba ya kupanga, hilo sheria ya hapa hairuhusu. Ibada ya watu wengi ina mahali pake. Jirani angeita polisi, tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo."

Justus aliisukuma ndoo chini ya kitanda. "Hatukuambiwa," alisema.

"Hamkuuliza. Mlianzisha jumuiya bila kulijulisha baraza."

"Sasa hilo baraza lina kazi gani, kama haliwezi kututetea?"

Fridah alimkanyaga mguu, lakini Annah alicheka.

"Swali zuri. Wengi wanadhani kazi yetu ni kukaa viti vya mbele. Padre ni mmoja, waumini ni wengi, na lugha ni nyingi. Kila lugha huchagua watu wake wakae naye, wamweleze shida zao, wapange naye kazi. Tunapanga nani atumie chumba kipi na saa ngapi. Tunapokea wageni kama nyinyi, tunawaeleza desturi za hapa. Mtu akiwa na shida kazini, tunamwelekeza ofisi ya kwenda. Na tunatembelea wagonjwa. Kutetea ndoo hakumo."

Hata Justus alitabasamu.

"Nikiwaombea chumba kanisani kila Jumapili, nitapewa," Annah aliendelea. "Lakini kila jumuiya ina kazi yake. Nyinyi hufanya nini?"

"Tunamwombea Gibson, yuko hospitali," Fridah alisema.

"Vyema. Anaendeleaje?"

Fridah alimtazama Justus. Justus alimtazama Fridah.

"Nani amekwenda kumwona?"

"Nilidhani watu wa kambi yake wamekwenda," Justus alisema.

"Nami nilidhani ni wewe uliyekwenda," Fridah alimwambia mumewe. "Ulisema ukipata off utapitia."

Annah hakuwalaumu. Alisema tu, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Kisha akasimama, akavaa viatu. "Kabla ya hospitali na kabla ya Wahid, nendeni kwa jirani. Mkaombe radhi. Msiende mikono mitupu."

Fridah alipika chapati. Jioni iliyofuata waligonga mlango wa pili. Justus alikuwa ametayarisha maneno makali kidogo, ikiwa yangehitajika.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyejifunga leso kichwani. Alikuwa Rukiya, mwenyeji wa Mombasa.

"Karibuni, karibuni ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini polepole, tafadhali. Baba Rumaisa amelala."

Baba Rumaisa ni mumewe, Aidarus. Binti yao Rumaisa alikuwa Mombasa kwa nyanya yake. Aidarus alikuwa amelala nyuma ya pazia, ametoa nyayo nje ya shuka.

"Ni mgonjwa?" Fridah alinong'ona.

"La. Afanya kazi ghalani, kule Freezone ya uwanja wa ndege. Usiku kucha yuko juu ya forklifti, lile gari la kuinulia mizigo. Usingizi wake ni mchana na jioni, kabla hajarudi kazini. Jumapili ile nyingine hakulala hata kidogo. Usiku akasinzia, forklifti ikagonga rafu, maboksi yakaanguka karibu na miguu ya mwenzake. Mola alimnusuru. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia, nikamwambia Wahid."

Maneno makali ya Justus yaliyeyuka kinywani. Aliona haya, na haya yake ilikuwa ya kweli.

"Mama, tusamehe," alisema. "Tulidhani ni kwa sababu ya dini."

"Dini!" Rukiya alifunika mdomo asicheke. "Mwaimba vizuri, siwezi kudanganya. Ule wimbo wa mwisho hata mimi nimeujua. Ningekuwa mtu wa fitina ningewaita polisi zamani. Nimewastahi kwa sababu ya Gibson."

Fridah alidhani amesikia vibaya. "Gibson gani?"

"Huyo wenu mnayemtaja kila Jumapili. Ukuta huu nasikia yote. Mimi ni mhudumu wa wodi. Kuna Mkenya pale, Gibson, amevunjika paja. Nikamwuliza, una watu Rashidiya? Akasema ndio, hao ni jumuiya yangu. Nikamwambia, basi wenzio wakuombea mpaka mume wangu halali."

"Akasemaje?" Justus aliuliza.

Rukiya aliweka sahani ya chapati mezani, akakaa.

"Aliniuliza, mbona hawaji?" Alizifunika chapati. "Daktari ataka asimame, afanye mazoezi. Hataki. Chakula hukisukuma kando. Mimi humlisha uji, nimpigie domo la Kiswahili, ndipo anywe. Lakini mimi nina wodi nzima, dadangu."

Fridah alilia kimyakimya, kwa kuogopa kumwamsha Aidarus. Kila asubuhi alikuwa amemwandikia Gibson kwamba wako pamoja, na hawakuwa pamoja.

Siku ya kutazama wagonjwa, Annah aliwapeleka hospitali. Njiani aliwaeleza namna baraza linavyofanya kazi hiyo. Mnaingia wawili wawili, saa iliyoruhusiwa. Mnauliza wauguzi kabla ya kumpa mgonjwa chakula. Kama mnasali, mnasali taratibu, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili naye anataka kupumzika. Na mnasikiliza zaidi ya kusema.

"Hakuna ndoo," Justus alisema.

"Hakuna ndoo," Annah alikubali.

Gibson alikuwa amekonda. Alipomwona Justus aligeuza uso ukutani.

"Mmepotea njia?" aliuliza.

"Tulipotea," Justus alijibu. "Tusamehe, ndugu yangu. Kila mtu alidhani mwenzake amekuja."

Fridah alivuta kiti, akakaa. Alikumbuka kusikiliza, akanyamaza. Baada ya muda Gibson alianza kusema mwenyewe. Aliogopa mguu hautafanya kazi tena. Aliogopa atafukuzwa. Hakujua kama arudi nyumbani au angoje. Annah alimweleza kwamba aliumia akiwa kazini, na kwamba sheria inamlinda mtu kama huyo. Aliahidi kuja na mjumbe mwenzake wa baraza anayejua mambo ya kazi, wazungumze na kampuni bila ugomvi.

"Lakini kusimama utasimama mwenyewe," Annah alisema. "Hilo baraza halina uwezo nalo."

Siku hiyo Gibson alikula nusu ya chakula chake. Jumuiya iligawana zamu. Aliye off alikwenda. Asiyeweza kwenda alimwambia mwenzake mapema, na hakuna aliyedhani tena. Polepole Gibson akaanza kuushika mkono wa muuguzi, akasimama. Baadaye akashika magongo.

Jumapili, jumuiya ilikutana katika chumba walichopangiwa kwenye kiwanja cha kanisa. Safari ya metro ilikuwa ndefu kidogo, na waliokuwa wavivu walilalamika kidogo. Kule Justus alipewa ngoma ya kweli. Waliimba mpaka wakakauka koo.

Mwezi ulikwisha. Fridah alikuwa amekunja nguo nusu na kuziacha nusu, kwa sababu hakutaka kuamini. Wahid alifika asubuhi, akasimama mlangoni.

"Jirani nasema nyinyi kaa," alisema. "Mimi nasema sawa. Ndoo wapi?"

Fridah alimwonyesha. Ndoo ilikuwa imejaa maji, na mashati ya Justus yamelowekwa ndani. Wahid aliikagua, akaridhika. Fridah alilia tena mbele yake, na safari hii Wahid alielewa.

Kampuni ilimpa Gibson ruhusa ya kwenda nyumbani kupona, na nafasi yake ikabaki. Jioni ya kusafiri alitaka kupitia Rashidiya kumuaga Rukiya. Jumuiya yote ilimsindikiza. Walijaza kijia chote, mkoba wa Gibson ukiwa mgongoni kwa Justus.

Rukiya alifungua mlango. Aliwaona wote wale, akashtuka, akaweka kidole mdomoni na kuonyesha pazia.

Wote walielewa. Gibson aliegemea magongo yake, akamshukuru Rukiya, yeye na uji wake. Rukiya alimwombea safari njema. Justus aliongoza sala, wakaitikia, na mwishowe wakaimba ule wimbo ambao Rukiya alikuwa ameujua. Yote hayo yalifanywa kwa kunong'ona, na baba Rumaisa hakuamka.