Kofia ya Kiti cha Saba

Haya, wewe uliyekaa karibu na jiko, nijibu hili kabla chai yako haijapoa. Nina nyumba ya baridi. Watu huingia wamejifunika hadi masikioni, na siku wakifurahi kupita kiasi hutoka vichwa wazi. Nyumba gani? Umeshindwa. Nipe mji basi, nikulipe kwa hadithi.

Nyumba hiyo ni uwanja wa barafu wa Korongo, timu yetu ya hoki ya barafuni hapa Saskatoon, Kanada. Mchezaji akifunga mabao matatu katika mchezo mmoja, mashabiki huvua kofia na kuzirusha barafuni. Kofia ikishatua hairudi kwa mwenyewe. Huzolewa kwa magunia, zikapelekwa kwa wasio na makazi. Ndiyo desturi, ila sisi tulikuwa tunaiona kwenye televisheni tu. Timu ina miaka sita. Misimu sita, makocha wanne, na vijana wa miaka kumi na tisa ambao wakishaijua kazi huchukuliwa na timu kubwa, sisi tukaletewa wengine tuwalee upya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufunga matatu. Tulichoka, lakini tuliendelea kuja.

Darka Woloshyn naye alikuja, mchana wa Jumapili moja ya mwezi wa kumi, ametoka zamu ya kupiga picha za eksirei hospitalini. Alivaa koti refu la kijani, na mvi zake chache hakuzificha. Kiti chake ni namba nane. Cha saba kilikuwa cha baba yake, mzee Petro, aliyefariki msimu wa tatu. Darka alikiacha kitupu miaka miwili, kisha akakirudisha kwa klabu. Siku hiyo akakuta pande la mtu limekikalia, vidole vina weusi wa grisi, anakula viazi vya kukaanga vilivyomwagiwa mchuzi na jibini.

"Umekalia kiti cha baba yangu."

Mtu akainuka kwa haraka, mchuzi ukaruka kwenye koti la kijani. "Samahani, dada. Mzee yuko wapi, nimpishe?"

"Makaburini."

Akabaki amesimama na sahani yake. "Sasa nikae, au nisikae?"

Darka hakutaka kucheka, akacheka. "Kaa. Nipe na mimi viazi, maana mchuzi wake nimeshauvaa."

Huyo ndiye Garnet Friesen, fundi wa mabasi ya shule. Majira ya baridi yote walikaa bega kwa bega wakitazama vijana wetu wakianguka wenyewe bila kuguswa. Timu ikisafiri, simu ya Darka ililia, ni Garnet.

"Mpenzi, umewasha redio?"

"Nimeizima. Wamefungwa mangapi?"

"Matano."

"Na wewe bado unasikiliza?"

"Nasubiri la sita nipate sababu ya kukupigia tena."

"Mjinga wewe. Piga tu, hata wakishinda."

"Wakishinda? Nani?"

Mwezi wa pili, siku ambayo hata mate yanaganda, Garnet alisahau kofia yake. Darka akatoa mkobani kofia ya sufu ya rangi ya chungwa, yenye uzi wa kijani utosini ambapo mfumaji aliishiwa na uzi wa chungwa. Akamvika kwa mikono yake. "Vaa, masikio yako nayahitaji." Hakumwambia kofia ni ya nani. Alitaka tu kuiona tena juu ya kiti kile, na mtu ndani yake.

Ikaja Jumapili ya mwezi wa tatu. Kijana wetu Emmett Yuzik, ambaye ndevu bado zinamwonea haya, akafunga bao, akafunga la pili. Wakati wa mapumziko Garnet alikuwa anazungusha kikombe cha kahawa mikononi.

"Fomu za viti vya msimu ujao zimetoka," akasema. "Nimefikiri, badala ya fomu mbili tujaze moja. Viti viwili, jina moja."

"Unaniposa, au unakata tiketi?"

"Vyote. Nimeona tupunguze foleni."

Darka akatazama barafu, masikio yamemwiva. "Ngoja mchezo uishe."

Mchezo uliporudi, Yuzik akapiga, kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kikaingia wavuni, na sisi tukapatwa na wazimu. Kofia zilinyesha. Tuliruka, tulikumbatiana na tusiowajua. Halafu waamuzi wakaenda kutazama marudio ya picha, wakarudi: kisahani kiligonga goti la mwenzake njiani, bao ni la mwenzake. Yuzik ana mawili. Miaka sita tumengoja, tukashindwa kungoja dakika mbili. Kofia zilikuwa zimeshaingia maguniani.

Darka akamtazama Garnet kichwani. "Kofia iko wapi?"

"Nimerusha. Si wote tumerusha?"

Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Siku kumi hakupokea simu. Ya kumi na moja akapokea.

"Nimekosa nini, Darka? Niambie hata kama ni kubwa."

"Ilikuwa ya baba. Mama aliifuma. Mzee alisema ataitupa siku Korongo mmoja akifunga matatu. Alingoja mpaka akafa. Wewe umeitupa kwa bao la goti."

"Hukuniambia."

"Najua sikukuambia." Sauti ilikuwa ya uchovu kuliko hasira. "Ndiyo maana sipokei. Sijui nikukasirikie wewe au nijikasirikie mimi." Akakata.

Jumamosi Garnet akaenda kwenye nyumba ya wasio na makazi. Mama msimamizi akamfungulia stoo. "Kofia elfu nne, kaka. Na nyingi ni za chungwa, mnajua wenyewe rangi yenu."

"Nitaanza na gunia la kwanza."

Jumamosi tatu alizipanga, za wakubwa huku, za watoto kule. Hakuiona. Alipokuwa anatoka, amekata tamaa, kwenye foleni ya supu akaona uzi wa kijani utosini mwa mzee mmoja.

"Mzee wangu, tubadilishane. Hii yangu ina manyoya ndani."

Mzee akaipapasa. "Una akili timamu? Hii inawasha."

"Najua inawasha."

"Basi lete, kabla hujapona."

Mchezo wa mwisho wa msimu, kofia ilikaa juu ya kiti cha nane. Darka alifika kipindi cha pili. Akaiona, akaiokota, akaipeleka puani.

"Inanuka sabuni."

"Wameifua."

Hakuuliza zaidi. Akakaa. Tulifungwa matano kwa moja. Vijana wakazunguka barafuni kutuaga, nyuso zimewashuka. Wanasema Yuzik naye anahama. Tukasimama tukawapigia makofi ya watu waliochoka.

Darka akamvika Garnet kofia. "Usiitupe mpaka nikuambie."

"Lini?"

"Akifunga mtu matatu ya kweli. Mwakani. Au mwaka ule mwingine. Vijana wetu hawa huwajui?"

Garnet akatoa mfukoni fomu iliyokunjwa mara nne, ina doa la grisi, akailaza gotini. Swali alishauliza, hakulirudia. Darka akatafuta kalamu mkobani, akaitafuta sana, akaipata.

"Jina moja," akasema. "Lakini liwe Woloshyn."