Mtoto Asiyeshtushwa na Honi

Anord alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na soko zima la Uyole lilimsifu. Mama yake, Atuganile, aliuza viazi kando ya barabara kuu. Malori yalipiga honi kutwa nzima, lakini Anord alilala fofofo.

"Mwanangu ameshazoea barabara," Atuganile alijisifu. "Hana usumbufu kabisa."

Wenzake walimwonea wivu. Nani hapendi mtoto asiyelia?

Jumamosi moja, tairi la lori lilipasuka mbele ya meza yake. Puu! Wanawake walipiga kelele. Ndoo ya viazi ilimwagika. Waridi, muuguzi wa kliniki ya jirani, alikuwa akinunua viazi. Alijikuta ameshika kichwa.

Anord alikuwa amewapa mgongo. Aliendelea kuchezea kiazi chake. Hakugeuka.

Waridi alimtazama kwa mashaka. "Mama Anord, hebu mwite. Usimguse, na asikuone."

"Anord! We Anord!"

Mtoto aliendelea kucheza.

"Gonga ndoo."

Atuganile aligonga ndoo mpaka wapita njia wakasimama. Mtoto hakutikisika.

Atuganile aliiacha ndoo. Akakaa chini, juu ya viazi vyake. "Mungu wangu! Hasikii? Mbona nyumbani nikimwita anakuja?"

"Anakuja kwa sababu anakuona. Je, anasema mama?"

"Bado. Baba yake anasema hata yeye alichelewa kuongea."

"Na kliniki je?"

"Alipochomwa ile sindano ya surua ya miezi tisa, nikaacha kumpeleka. Si alikuwa mzima jamani?"

"Kliniki siyo mizani na sindano tu, Mama Anord. Tunaangalia kama mtoto anasikia, anaona, anatembea, anaongea. Mtoto wa mwaka mmoja ukimwita jina lake anageuka. Asipogeuka, usingoje. Mlete."

Atuganile alilia kwa uchungu. Kumbe alichojisifia ndicho kilichokuwa tatizo!

Jumatatu, yeye na mumewe, Vitus, walimpeleka Anord kliniki. Walipewa rufaa kwenda hospitali. Daktari wa masikio alimpima, akakuta anasikia kidogo sana. Baadaye Anord alivalishwa vifaa vya kumsaidia kusikia. Wazazi wake walifundishwa kumsemesha kila siku wakimtazama usoni.

Siku aliyorudi sokoni na vifaa vyake, lori lilipiga honi. Anord aliruka, akamkumbatia mama yake miguuni, akaangua kilio.

Waridi alikuja mbio kumbembeleza.

"Mwache!" alisema Atuganile, akicheka huku machozi yanamtoka. "Mwache alie. Amesikia!"