Magharibi Isiyokwisha

Jua lilikuwa limeshagusa mapaa ya Bulapesa, mtaa wa Isiolo, Luul alipotoka kununua maziwa ya ngamia. Alikuwa mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, na njia nzima aliyasuta magoti yale kama watoto watukutu. Alhamisi ilikuwa siku yake ya haraka. Alitaka awe amerudi nyumbani kabla ya adhana.

Gumato, muuza maziwa, alikuwa amebakisha dumu moja. Huyu alikuwa Mborana wa Kinna, jirani yake wa miaka mingi, mnene wa kicheko.

"Salaam aleikum, mama Anisa. Leo umechelewa. Nilikuwa karibu kukunywa hii maziwa mwenyewe."

"Aleikum salaam. Ungekunywa tu. Mume wako angepata wake wawili kwa mahari ya mmoja."

Walikuwa bado wanacheka simu ilipolia. Ilikuwa simu ya video. Luul aliinyanyua juu, mbali na uso, kama afanyavyo kila mtu aliyejifunza simu uzeeni.

Alikuwa binti yake, Anisa, aliyeolewa Oslo, amevaa koti zito hadi puani. Nyuma yake kulikuwa na reli ya meli, kisha bahari nyeusi, kisha milima myeupe pepepe. Mumewe, Warfa, alikuwa akirukaruka kwa baridi. Kagure, rafiki yao wa Nanyuki waliyekutana naye hukohuko ughaibuni, alimpungia mkono kwa glavu kubwa.

"Mama, ona! Ile safari tulikuambia. Tuko juu kabisa ya dunia!"

"Naona. Mmelipa pesa mpelekwe ndani ya friji." Luul alikunja uso. "Mbona giza? Huko si bado ni mchana?"

"Huku jua haitoki, mama. Msimu huu haitoki kabisa. Hata saa sita ya mchana inakuwa tu kama magharibi. Ndiyo watu wanakuja, waone taa za angani."

Upepo wa vumbi ulipita, ukampiga Luul shukani.

"Anisa. Leo ni Alhamisi. Utawasha?"

Binti yake aliangalia nyuma, kisha akaiinamia simu. Sauti ikashuka.

"Mama... kwa meli hawakubali moto. Hata mshumaa. Nikichoma ubani kengele italia meli yote."

"Sasa uliibebea nini?"

"Si wewe ulisema nisiiache kwa nyumba haina mtu?"

Ni kweli, Luul alikuwa amesema hivyo. Mara uso mdogo ulijipenyeza kwenye kioo. Alikuwa Ikra, mjukuu wake wa pekee, mwenye pengo mbele na Kiswahili cha kuokoteza, aliyemwita bibi yake kwa Kisomali.

"Ayeyo! Leo asubuhi wewe kuja mlango yetu. Mimi sikia. Mama kasema mimi naota."

Simu ikakatika.

Luul alisimama na dumu mkononi. Gumato alikuwa amesikia yote, maana simu ya Luul husikika hadi msikitini. Hakucheka tena.

"Mama Anisa," alisema polepole. "Hiyo kitu yenu inaendanga ikiingia usiku. Si ndiyo?"

"Ndiyo. Adhana ya isha ikilia."

"Na kama huko ni magharibi siku yote... itaenda saa ngapi?"

Luul aliyaacha maziwa palepale, akaanza kutembea. Kisha magoti yale mabovu yakaanza kukimbia.

Hapa inafaa msomaji aambiwe. Ardo, mama mzazi wa Luul, alikuwa na mgeni. Wengine husema saar, wengine jini. Kwao aliitwa mgeni tu, kwa adabu na kwa woga. Mgeni huyo alikuwa na shida moja, baridi. Kila Alhamisi jua likizama, Ardo alitia kaa la moto kwenye chetezo cheupe cha udongo, akanyunyiza ubani, akanyamaza. Mgeni aliota moto wake kimya, na isha ikiingia alikwenda zake. Asipokuta moto, hupita milangoni akiomba kaa, tena kwa sauti ya mtu unayempenda. Ndiyo maana katika mtaa ule moto hautolewi nje baada ya jua kuzama. Hata jirani wa kufa na kuzikana ataambiwa asubiri asubuhi.

Ardo alipokufa, chetezo kilibaki kwa Luul. Mwezi wa nane Anisa alikuja likizo, akakikumbatia, akasema kinanukia utoto wake, akakiomba. Mtoto wa pekee akikuomba kitu unafanyaje? Luul alimpa na masharti yake: uwashe kila Alhamisi, usiseme neno, usikiache kwenye nyumba isiyo na mtu. Anisa aliyashika yote kama mwanafunzi mwema. Na kwa kuyashika, akakipandisha chetezo kwenye meli isiyoruhusu moto, akakipeleka mahali ambapo jua halirudi.

Nyumbani Luul alichochea jiko lake hadi likawa jekundu. Aliweka kaa kwenye sahani ya bati, akamwaga ubani wote aliokuwa nao.

"Njoo huku," alinong'ona. "Moto uko huku. Waache watoto."

Moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni, ukatoka chini ya mlango, ukaenda zake. Alijua anachofanya ni dua la kuku. Alimpigia Anisa. Simu iliita, ikaita. Alimpigia Warfa. Haikupatikana.

Adhana ya magharibi ililia. Aliutandaza mswala, akashindwa kukumbuka rakaa aliyofika.

Ndipo simu ikalia.

Alikuwa Ikra, peke yake, amekaa kitandani kwenye chumba chembamba cha meli. Alikuwa amewasha tableti ya mama yake.

"Ikra! Mama yuko wapi?"

"Juu. Taa ya mbinguni imetoka. Wote wameenda kimbia. Auntie Kagure kaa na mimi, lakini ameenda leta chai."

"Sawa, mama. Kaa na mimi hapo. Usitoke."

"Ayeyo, kwa nini huku inanuka kama nyumba yako?"

Luul aliikaribia simu. Nyuma ya mtoto, kwenye kona, begi kubwa la Anisa lilikuwa wazi. Hakuwa na hakika kama lilikuwa wazi tangu mwanzo.

Ko... ko... ko.

Mtoto aligeuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Ikra... mama... nifungulie."

Sauti ilikuwa ya Luul mwenyewe. Ilikuwa na kikohozi chake kilekile cha vumbi, na namna yake ya kuvuta neno la mwisho.

"Naomba kaa la moto tu, mama. Mikono yangu imekufa baridi."

Ikra alitazama mlango. Akatazama simu.

"Ayeyo, wewe uko wapi?"

"Niko Isiolo! Niko nyumbani! Huyo si mimi, Ikra, usifungue!"

"Lakini ni wewe."

"Si mimi! Usifungue! Usifungue, nimesema!"

Alikuwa anapiga kelele sasa. Alijisikia akipiga kelele na hakuweza kujizuia. Kwenye kioo, midomo ya mtoto ilianza kutetemeka.

"Ikra," sauti ya mlangoni ikasema, pole, pole sana. "Usilie, moyo wangu. Nani anakukaripia hivyo?"

"Ayeyo wa simu," Ikra alijibu, machozi yakimtoka.

Hapo Luul akatambua. Mtoto alikuwa na bibi wawili: mmoja ndani ya simu akifoka, mwingine nje kwenye baridi akibembeleza. Mtoto gani hamjui wa kumfungulia? Alijaribu kuilainisha sauti. Alijaribu kuimba kile kibembelezo alichomwimbia mwezi wa nane. Ikatoka sauti ya mkwaruzo tu.

"Ikra... mpenzi... ningoje kidogo..."

Mtoto alishuka kitandani. Miguu midogo ilisikika zuliani. Luul aliushika mguu wa meza kana kwamba ndio mkono wa mjukuu wake. Kutoka Isiolo hadi huko kuna mabara, kuna bahari, na yeye alikuwa na kioo cha ukubwa wa kiganja.

Kitasa kililia.

Picha ikaganda.

Ilibaki imeganda kwa muda mrefu, ikionyesha kitanda kitupu na mwanga wa buluu ukiingia kutoka kwenye korido. Luul alilia mpaka jirani wakaja. Gumato alimkuta sakafuni, simu kifuani, akakaa pembeni yake.

Anisa alipiga baada ya isha. Alikuwa anacheka.

"Mama, pole, nimeona simu zako. Ikra yuko sawa, amelala. Kagure amemkuta kwa kitanda, mlango tu ndiyo ulikuwa wazi." Akasita. "Lakini mama... nani alimfundisha Ikra kutoa chetezo kwa begi? Tumeikuta katikati ya chumba. Iko na majivu ndani. Majivu ya moto. Na kengele haijalia."

"Mikono yake," Luul alisema. "Angalia mikono yake."

Hatua za Anisa zilisikika zikivuka chumba.

"Iko na masizi," Anisa alisema. Hakucheka tena.

Siku zilizofuata Anisa alipiga kila magharibi. Ikra anakula vizuri. Ikra anacheza. Daktari wa meli amempima, yuko mzima. Ila analala na makoti matatu. Ila amekataa kupiga simu kwa ayeyo. Walipofika Oslo alianza kukaa mbele ya jiko la umeme, akilitazama limezimwa. Kisha siku moja Anisa alipiga akinong'ona, kama mtu aliyejificha chooni.

"Mama, Ikra anaongea Kisomali."

"Si mnamfundisha?"

"Hii si yetu. Ni ya zamani. Kuna maneno hata Warfa haelewi. Na amekuita Luulay. Nani alikuwa anakuita hivyo?"

Luul alikalia kitanda. Mtu mmoja tu duniani aliwahi kumwita hivyo, mama yake Ardo, naye alikuwa amezikwa nyuma ya msikiti kabla Anisa hajazaliwa.

"Anataka kuja nyumbani," Anisa alisema. "Kila siku ni hiyo tu. Isiolo, Isiolo. Tumekata tikiti. Mama, utatusaidia, si ndiyo?"

"Njooni," alisema. Angesema nini? "Lakini mfike mchana. Nisikilize. Mfike jua likiwa juu."

Siku ya kufika kwao aliwapikia mikate ya anjero na nyama ya mbuzi. Alimwita Gumato amsaidie, kisha akamrudisha kwake jua lilipoanza kuelekea chini, kwa sababu wageni walikuwa bado hawajafika. Tairi limepasuka njiani, Timau, Anisa aliandika. Tunakuja polepole. Luul aliketi kando ya jiko, akiyaangalia makaa. Mara mbili alichukua kata ya maji ayazime. Mara mbili akairudisha. Hata haikuwa Alhamisi.

Jua likazama. Adhana ikalia.

Gari lilisimama nje. Alisikia milango ya gari, alisikia Warfa akimshukuru dereva kwa Kiswahili kilichochoka. Kwa hiyo ni wao kweli. Ni watu wa damu yake, si upepo. Moyo ulimtulia kidogo, na hapo hapo akaisikia ile hodi.

Ko... ko... ko.

"Ayeyo. Nifungulie."

Sauti ilikuwa ya Ikra. Ile ya pengo mbele. Ila Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, hakina cha kuokoteza.

"Naomba kaa la moto."

Luul alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Mama yake alimwambia: asubiri asubuhi, hata awe nani. Lakini mama yake hakumwambia ufanye nini kama anayebisha amesafiri na pasi yenye jina la mjukuu wako, amechoka, na anatetemeka hadi mlango unatetemeka naye. Utamfungia nje mtoto wako? Ukimfungia, atakwenda wapi?

Alifungua.

Ikra alikuwa amesimama kizingitini na makoti yake matatu katika joto lile la Isiolo. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Alimtazama bibi yake kwa upole, upole wa mtu mzima anayemhurumia mtoto, kisha akachungulia pembeni yake, kwenye jiko. Akanyoosha mkono. Kiganja kidogo, wazi, juu.

"Weka hapa, Luulay."

"Kwenye mkono?" Luul alinong'ona. "Mtoto wangu... utaungua."

Ikra hakuushusha mkono. Nyuma yake, gizani, Anisa alikuwa akishusha begi. Alikuwa amekonda, macho yamezama, na alisema bila hata kuinua kichwa, kama mama anavyosema kuhusu mtoto asiyependa mboga:

"Mpe tu, mama. Huwa haungui."

Luul alirudi jikoni akachukua koleo.