Jina la Mwizi Huja Mwisho

Tusekile, binti wa Osea Nzowa, alikuwa mtoto mwenye afya njema, isipokuwa asubuhi za siku za shule. Jumatatu aliumwa tumbo. Jumanne aliumwa kichwa. Jumatano maradhi yalihamia mguuni. Yalianza wakati wa uji, na yalipona mara tu kengele ya shule ilipokwisha kulia ng'ambo ya bonde. Jumamosi hakuumwa kamwe.

Alikuwa na umri wa miaka tisa, naye alisoma Darasa la Tatu. Wazazi wake walilima kahawa na mahindi katika miinuko ya Mbozi. Mwaka huo ulikuwa 2008.

Kila jioni, kabla ya chakula, Osea alikaa kwenye kigoda na kumwita.

"Lete kitabu, mama. Nisomee."

Tusekile alifungua kitabu, akapitisha kidole chini ya mistari, akasoma: "Jogoo wa babu amewika. Babu ameamka. Babu anakwenda shambani." Hakukwama hata mara moja. Osea aliridhika. Yeye mwenyewe aliacha shule mapema, na barua za chama cha ushirika alisomewa na mkewe, Enesi.

Jioni moja, mwishoni mwa Aprili, Enesi alipita nyuma yao na sufuria mkononi. Akasimama.

"Tuse, jogoo yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama."

"Huyo ni ng'ombe."

Tusekile akatazama picha. Alikuwa ng'ombe kweli, tena mkubwa. Kidole chake kilikuwa chini ya maneno yanayohusu maziwa.

Ikadhihirika kwamba mtoto hakujua kusoma. Alisikiliza wenzake darasani, akashika kurasa nzima kichwani, kisha akazitoa nyumbani kama zilivyo.

"Kwa hiyo," Osea aliuliza taratibu, "tangu Januari nasomewa jogoo mmoja?"

Osea alikuwa baba mpole, lakini alipokata shauri hakurudi nyuma kwa urahisi. Alisema kwamba shule zikifungwa mwezi wa sita, dada yake Loisi angekuja kumchukua Tusekile. Loisi alikuwa na duka Tunduma, karibu na mpaka, na alikuwa na mtoto mchanga. Tusekile angemlea huyo mtoto.

"Ana miaka tisa, Baba Tusekile," Enesi alisema.

"Mimi nikiwa na miaka tisa nilikuwa nachunga ng'ombe."

"Ndiyo. Na barua za ushirika nakusomea mimi."

Osea akasema, "Akisoma kweli kabla ya shule kufungwa, atabaki. Asiposoma, ataondoka."

Tusekile alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Kesho yake tumbo lilimuuma, na mara hii Enesi aliamini.

Enesi alikwenda shuleni kumwona Mwalimu Bushra. Mwalimu huyu alikuwa binti wa wasafirishaji wa Tunduma, naye alikuwa mgeni kijijini. Alifundisha watoto sitini na wawili katika chumba kimoja.

"Mwalimu, nieleze ukweli. Mwanangu ni mjinga?"

"Amekariri kurasa ngapi, mama?"

"Nne, nadhani."

"Mimi siwezi kukariri kurasa nne. Mwanao hana upungufu wa akili. Ana upungufu wa sababu. Kitabu kinamwambia jogoo amewika. Anajua. Amemsikia leo asubuhi. Kwa nini ajisumbue kusoma?"

"Sasa tufanyeje?"

"Tumpe jambo asilolijua, na jibu lake tulifiche kwenye maandishi. Njoo Alhamisi, uone. Uje na kigoda chako, madawati hayatoshi."

Alhamisi Enesi alikuta ukutani picha sita zilizochorwa kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Zilikuwa picha za tumbili, sungura, kobe, fisi, paka na jogoo. Chini yake paliandikwa: NANI AMEKUNYWA UJI WA MKUTANO?

"Wanyama walipika uji kwa ajili ya mkutano wao," Mwalimu Bushra alisema. "Waliporudi, chungu kilikuwa kitupu. Mwizi ni mmoja kati ya hawa sita. Ni nani?"

"Tumbili!" darasa zima lilijibu.

"Kwa ushahidi gani?"

"Mwalimu, tumbili ni tumbili!" alisema mtoto mmoja wa nyuma.

"Huo si ushahidi. Huo ni uadui. Katika darasa hili jina huja mwisho."

Aligawa watoto katika makundi. Kila kundi lilipewa kidokezo chake, na kila kidokezo kilikuwa na msomaji wake mmoja. Mwenzako haruhusiwi kukuchungulia wala kukunong'oneza. Kidokezo kimoja kilisema mwizi ana miguu minne. Jogoo akaondolewa ukutani. Kingine kilikuwa mchoro wa unyayo, na watoto walitakiwa kuupima kwa rula. Unyayo ulikuwa mdogo mno kwa fisi. Kingine kilikuwa hesabu ya dakika. Mwizi alitoka mtoni hadi jikoni kwa dakika tatu, na kobe asingeweza. Walibaki tumbili, paka na sungura. Watoto wakaanza kumzomea tumbili.

Kilikuwa kimebaki kidokezo kimoja. Alikuwa nacho Tusekile.

Alikitazama muda mrefu. Hapakuwa na wa kumsikiliza kwanza, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kilichoandikwa pale.

"Mwi... mwi-zi," alisema.

"Sema tumbili, tumalize!" mwenzake alimhimiza.

"Mwache," Mwalimu Bushra alisema. "Tumbili anasubiri hukumu. Ana haki ya kusubiri."

"Mwizi ha-pa... hapandi. Mwizi hapandi mi-ti." Tusekile akarudia, safari hii kwa haraka. "Mwizi hapandi miti!"

Kila mtu akaelewa kwa wakati mmoja, na kelele ikawa kubwa. Tumbili hupanda miti. Paka hupanda miti. Alibaki sungura peke yake. Tusekile alikwenda mbele na kumbandua tumbili kwa mikono miwili, kama mtu anayemtoa ndugu yake mahabusu.

Enesi alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akisingizia vumbi la chaki.

Baada ya kipindi alimuuliza mwalimu, "Mchezo huu hata mimi naweza?"

"Unaweza. Shika mambo machache. Kidokezo kiwe cha maneno mafupi anayoweza kuyasoma kwa kujitahidi kidogo. Usimsomee, hata akikawia. Kila kidokezo kimfundishe kitu, kama kupima, kuhesabu au kusoma saa. Akimaliza, aandike alichogundua na jinsi alivyojua. Na mtuhumiwa asiwe mtu wa kijijini. Ukiweka jina la mtu, si somo tena, ni ugomvi."

Enesi alianza nyumbani kesho yake. Alificha sukari na kuandika vidokezo vitatu. Tusekile alivisoma kwa siku mbili. Siku zote hizo Osea alikunywa chai isiyo na sukari.

"Elimu hii inamhusu mtoto au inanihusu mimi?" aliuliza.

"Vumilia, Baba Tusekile. Yuko kwenye kidokezo cha tatu."

Sukari ilipatikana ndani ya kinu. Wiki iliyofuata ilipotea kofia ya Osea, na iliyofuata tena, jembe. Shuleni nako Mwalimu Bushra hakusema mapema ni siku gani kutakuwa na kesi, kwa hiyo Tusekile hakuweza kupanga siku ya kuumwa. Maradhi yakakosa nafasi.

Mwishoni mwa Mei kahawa ilianza kuiva. Asubuhi moja Osea alikuta matunda mekundu yameondolewa kwenye miche ya mstari wa mwisho, unaopakana na shamba la jirani yake Ezron. Asubuhi ya pili hali ilikuwa ileile. Osea hakungoja ya tatu. Alisimama mpakani akaita kwa sauti iliyosikika hadi kanisani.

"Ezron! Kahawa yako haikutoshi?"

Ezron alikuja na gambuti zake, uso umekunjamana.

"Osea, mimi nina miche mia nne. Nije kuchuma kwako, tena mstari mmoja, kama mwizi mwenye haya?"

"Mpaka huu anapita nani mwingine?"

"Twende kwa mwenyekiti wa kitongoji. Umenitukana mbele ya mkeo na mtoto wako."

"Twende!"

Tusekile alikuwa amesimama nyuma yao na sare ya shule.

"Baba," alisema, "jina huja mwisho."

Wazee wawili waligeuka.

"Baba, umeanza na jina. Mwalimu anasema ukianza na jina, hutaona kitu kingine."

Ezron ndiye aliyejibu. "Mtoto huyu amesema vizuri kuliko aliyemzaa. Haya, chunguza."

Tusekile alitoa rula na daftari kwenye mfuko wake. Alichuchumaa chini ya miche. Kwenye udongo wenye unyevu aliona alama ya unyayo yenye vidole na kucha. Aliipima na kuandika: sentimita 5. Kisha akainuka.

"Mzee Ezron, naomba mguu."

Ezron alivua gambuti, akaweka mguu juu ya jiwe. "Nina miaka hamsini na minne," alisema. "Sijawahi kupimwa nikiwa hai."

Tusekile aliandika: sentimita 27. Aliendelea kufuata alama. Aliokota maganda ya kahawa yaliyotafunwa. Hatua kumi mbele, kando ya njia, alikuta rundo la kinyesi. Ndani yake zilijaa punje za kahawa, nzima kabisa.

Ezron aliinama akatazama. "Fungo, yule mnyama wa usiku mfano wa paka mkubwa," alisema. "Hula matunda usiku, na punje humtoka nzima. Na hujisaidia mahali pamoja kila siku. Babu yangu alikuwa akisema hivyo."

Osea alitazama kinyesi, kisha mguu wa jirani yake, kisha kinyesi tena.

"Jirani," alisema, "nisamehe. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na rula."

"Nimekusamehe. Lakini utaniazima koleo lako la kufukia hilo, na utafukia wewe."

Walifanya hivyo. Wakakubaliana kuchuma mistari ya mpakani mapema, kabla matunda hayajaiva sana, ili fungo asipate sababu ya kurudi.

Siku hiyo Tusekile aliporudi kutoka shuleni aliandika ripoti ya nusu ukurasa na kumsomea baba yake. Osea alisikiliza hadi mwisho. Hata hivyo, mtu aliyesomewa jogoo mmoja kwa miezi minne hujifunza kuwa mwangalifu. Alichukua daftari, akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Hili?"

"Kucha."

Akaruka hadi juu. "Hili?"

"Sentimita."

Akashuka hadi chini kabisa. "Na hili?"

"Jirani."

Kila mara Osea alimtazama Enesi, na kila mara Enesi alitikisa kichwa kukubali. Aliyekariri hawezi kurukaruka hivyo. Osea alifunga daftari polepole, akaliweka juu ya goti lake, na hakulirudisha kwa muda.

"Lete karatasi nyingine, mama," alisema. "Mwandikie shangazi yako."

Ijumaa Ezron alikuwa na safari ya Tunduma, naye akaibeba barua. Tusekile aliiandika hivi:

*Shangazi, shikamoo. Baba anasema nisije. Sababu ni kwamba najua kusoma. Ushahidi ni barua hii. Nimeiandika mimi. Msalimie mtoto. Tusekile.*

Jibu lilikuja Jumatatu, likiwa limekunjwa ndani ya kipande cha kitenge. Osea alikaa kwenye kigoda chake. Enesi alinyoosha mkono kulipokea, kama alivyozoea, lakini Osea alimpa mtoto.

Tusekile alisoma taratibu, akikwama mara mbili na kujikwamua mwenyewe:

"Tusekile mwanangu, marahaba. Nimeukubali ushahidi. Nimempata mama jirani wa kunisaidia. Kitenge hiki ushone mfuko wa daftari. Soma sana. Shangazi Loisi."

Osea aliinama akaitazama karatasi.

"Hakuna jogoo humo?" aliuliza.

"Hakuna, baba."

"Hebu rudia."