Ndoo Juu ya Kipimamvua

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Msafi alipita nyuma ya ofisi ya walimu kusafisha kipimamvua. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu hakuweza kuona doa kwenye sare yake akatulia. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuondoa majani na kinyesi cha ndege kwenye mdomo wa chombo. Lakini Msafi na kinyesi cha ndege hawakuiva chungu kimoja.

Shule ilikuwa mlimani. Mvua iliponyesha, kipimamvua kilipeleka vipimo chenyewe kwenye programu ya hali ya hewa, nayo programu ikawatahadharisha watu wa bondeni kwenye simu zao kwamba kijito kinaweza kufurika. Mjomba wake, mfyatua matofali, alikuwa mmoja wao. Mwalimu wa sayansi aliyaeleza hayo darasani, na Msafi alisikia, ila akili yake ilikuwa kwa ndege.

Siku moja akapata wazo. Alichukua ndoo kuukuu stoo, akakifunika kipimamvua, akaweka jiwe juu.

"Umesafisha?" mwalimu alimuuliza kesho yake.

"Ni kisafi kabisa, Mwalimu."

Kilikuwa kisafi kweli. Ndoo ikabaki pale mchana na usiku.

Siku hizo mjomba alikuwa akifyatua matofali ya chumba cha Bibi. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa umeanguka, na Bibi alilala sebuleni, ambako kila aliyekwenda kunywa maji aliiruka miguu yake. Matofali yalianikwa karibu na kijito, yakisubiri kukauka yachomwe.

Jioni moja mvua kubwa ilinyesha mlimani. Bondeni halikudondoka hata tone. Mjomba alitazama simu yake, ikamwambia hakuna mvua, akaenda kula.

Asubuhi Msafi aliwakuta mjomba na Bibi wamesimama mbele ya tope. Kijito kilikuwa kimefurika, na matofali yote yamerudi kuwa udongo.

"Basi nitaendelea kurukwa," Bibi alisema taratibu.

"Programu gani hii?" mjomba alisema, akitoa simu mfukoni. "Huko juu imenyesha, yenyewe inasema hakuna mvua. Naifuta sasa hivi."

Msafi alikumbuka ndoo. Akinyamaza, lawama itabaki kwa simu na hakuna atakayejua. Lakini programu ikifutwa, matofali mengine nayo yatakwenda na maji. Alimtazama Bibi, akaona aibu kubwa.

"Usiifute, Mjomba. Haikudanganya. Nilikifunika kipimamvua kwa ndoo."

"Ulikifunika? Kwa nini?"

"Kisichafuke."

Bibi alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. "Mjukuu wangu, hata mwavuli wako huuficha mvua ikinyesha, usije ukalowa?"

Mjomba hakucheka. "Kamwambie mwalimu, kwa mdomo wako mwenyewe. Ukirudi, utanisaidia kukanyaga udongo."

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Alikunja uso, kisha akasema naye ana kosa, maana aliuliza bila kwenda kuangalia. Kazi hakumnyang'anya. Ndoo ikaondolewa siku hiyo hiyo, na kila jioni Msafi akawa bondeni, udongo umemfika magotini. Wenzake walipita makusudi kumtania kwa jina lake.

Matofali mapya yalipokaribia kukauka, simu ya mjomba ililia alasiri moja. Tahadhari: mvua kubwa mlimani. Mjomba alitazama juu. Anga ya bondeni ilikuwa nyeupe.

"Ndoo iko wapi?" alimuuliza Msafi.

"Iko stoo, Mjomba. Leo asubuhi nimekisafisha kwa mkono wangu."

"Basi tubebe."

Walibeba matofali hadi mahali pa juu, mikono ikawauma. Walipoweka la mwisho, maji ya kijito yalipanda, yakatapakaa pale palipoanikwa matofali, yakakuta patupu.

Mjomba alikaa chini akipumua kwa nguvu. "Simu haina macho, mwanangu. Inasema kile ilichoambiwa kutoka kule juu. Mtu akifanya kazi yake kwa ukweli pale ambapo hakuna anayemwona, sisi huku tunalala usingizi."

"Na mimi," Bibi, aliyekuja kuwatazama, alisema, akilipapasa tofali moja kama linapumua, "nitalala chumbani kwangu."