Sentensi ya Charline

Saa sita mchana, soko la Virunga mjini Goma limejaa hadi pa kuweka mguu ni taabu, mwanamke mwenye kitenge cha manjano alimnyooshea Achille fungu la sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

"Papa, tafazali, unisaidie. Hizi ni za leo ao za jana?"

Achille alicheka, akidhani anataniwa. Harufu yenyewe ilikuwa inapiga kelele.

"Za juzi, mama. Uziache hapo."

"Aksanti. Mimi sisikiake harufu."

Alisema polepole, na macho yake yalikuwa mazuri, kwa hiyo Achille akambebea kikapu mpaka mtaa wa Katindo. Njiani akajua kwamba anaitwa Charline, mzaliwa wa Butembo, mwenye mgahawa mdogo wa mbao. Homa ya mwaka uliopita ilimwacha hai, ila iliondoka na pua yake pamoja na ulimi. Alipika kwa mazoea ya mkono, na binamu yake Emerance akimwonjea kwa siri.

"Usiambie mutu," alisema. "Mupishi asiyeonja, nani atakula kwake?"

Achille alikuwa mwalimu wa insha. Kila siku aliwaambia wanafunzi wake kwamba "tamu" ni neno la mtu mwenye haraka. Sasa akapata mahali pa kulitumia somo lake. Mchana alikula kwa Charline. Jioni simu ililia.

"Sheri wangu, sombe ya leo ilikuwa namna gani?"

"Mawese ndiyo yalifika kwanza, mazito, yakatandika ulimi. Halafu majani ya muhogo, na uchungu kidogo kama chai iliyosahauliwa kwenye makaa. Pilipili ilijificha, ikangoja nimeze, ndiyo ikanishika shingoni."

"Na chumvi?"

"Chumvi ilikuwa na haya."

Charline alicheka mpaka akakohoa. "Uendelee. Niko nasikia mate yanakuja."

Miezi minne walipendana hivyo, yeye akipika, Achille akimrudishia chakula chake kwa maneno. Mama yake Achille alishaanza kuulizia ukoo wa binti.

Kisha redio moja ya mjini ikatangaza shindano la maandishi mafupi. Achille aliandika usiku kucha juu ya mpishi asiyeonja. Jina alilibadilisha, lakini kitenge cha manjano, mbao na Katindo akaviacha, kwa sababu vilipendeza. Hakumuuliza. Alitaka kumshangaza.

Akashinda. Jumapili, baada ya misa, mtangazaji aliyasoma yote. Jumatatu mteja wa kwanza aliinua kifuniko cha sufuria, akauliza, "Mama, leo nani alionja?" Wenzake wakacheka. Jumatano familia iliyokuwa imemwagiza chakula cha harusi, watu mia mbili, ikatafuta mpishi mwingine.

Achille alipofika, Charline alikuwa anafunga meza kwa kamba.

"Nilitaka watu wakuone," Achille alisema.

"Walikuwa wananiona. Walikuwa wanaona mupishi. Sasa wanaona mugonjwa."

Simu zake hazikupokelewa tena. Achille aliandika barua tatu. Kila moja ilikuwa nzuri mno, akaona aibu, akazichana.

Miezi mitatu baadaye Emerance alimwambia: Charline anaenda Bukavu kwa boti ya asubuhi. Achille aliacha darasa, akapanda pikipiki. Alimkuta bandarini ameketi juu ya gunia, amevaa koti la kijivu, amekonda.

"Masista wa kule wamenipa kazi ya jikoni," Charline alisema, kama wanaendeleza mazungumzo ya jana. "Niliwaambia mimi mwenyewe, mbele ya kuanza: mimi sisikiake ladha. Sister mukubwa akasema ataonja yeye."

"Kwa hiyo hawakujali."

"Hawakujali. Unaona? Ile sentensi ilikuwa yangu, Achille. Ningeisema siku yangu, na mudomo wangu."

Maneno yote yaliyomjia Achille yalikuwa na mapambo.

"Unisamehe," alisema mwishowe. "Na kama unaweza, ubaki. Nikuoe."

Charline alikaza kamba ya gunia.

"Ungeniuliza siku zile za sombe, ningekubali mbele haujamaliza."

"Na leo?"

"Leo nakusamehe. Usione ni kitu kidogo." Akamshika mkono, viganja vyake vikavu kwa moshi wa miaka. "Lakini mutu wa nyumba yangu, nitapenda kumwambia mambo. Kwako nitakuwa nachunga kila neno."

Abiria waliitwa botini. Charline alibeba gunia lake mwenyewe.

Kesho yake ujumbe uliingia: "Nimefika." Achille alikaa nao jioni nzima. Aliandika mistari mingi juu ya majuto na jinsi chakula chote cha Goma kilivyokuwa kimemwishia ladha kinywani, akaisoma, akaifuta. Saa tatu akamtumia: "Asante kwa kunijulisha."

Hakujibiwa, naye hakutegemea kujibiwa.